Posa Iliyokataliwa kwa Kiingereza

Mume wangu aliikataa posa ya mama yake mzazi akidhani anamsahihishia Kiingereza. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba namsengenya. Simsengenyi. Mume wangu nampenda, mama yake nampenda zaidi, na mwenyewe analijua hilo tangu mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Lakini siku niliyogundua alichokifanya, mkononi nilikuwa na kikaushia nywele tu, tena cha kazi, na hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, beseni la kuoshea nywele, na benchi la wanaosubiri, ambao nusu yao hawasubiri kitu, wamekuja kupiga soga. Mama mkwe anakaa chumba cha nyuma. Watu hushangaa tunavyoelewana. Wanaingia hapa na visa vya mama wakwe zao, wananimwagia vyote, kisha wananiuliza, wako je? Nawaambia wangu ndiye huyo aliyekukunjia taulo. Basi hapo wanatafuta namna ya kukirudisha mdomoni walichokwisha kukisema.

Kiingereza cha Mama kilianza na simu. Wifi yangu, binti yake, anaishi ng'ambo na ana watoto waliozaliwa hukohuko. Kiswahili chao ni "shikamoo" na "kwaheri", basi. Kila Jumapili simu ikipigwa, wakishaamkia wanabaki kutazamana na bibi yao kama watu waliokutana kwenye foleni. Jumapili moja mjukuu mdogo akasimulia jambo refu, kisha akanyamaza, akangoja. Mama, kwa adabu, akacheka. Kumbe mtoto alikuwa anaeleza jinsi paka wake alivyogongwa na gari akafa. Mama hakula siku ile. Kesho yake akaenda kujiandikisha darasa la watu wazima, pale shule ya msingi, saa kumi alasiri watoto wakishatoka.

Mwalimu wao alikuwa na sharti moja tu: sentensi ziwe za kweli. Mkisoma maneno ya chakula, sema ulichokula wewe. Mkisoma ya hospitali, sema panapokuuma wewe. Kama huna tembo, usiseme una tembo. Mama alilishika sharti hilo kama kiapo. Wiki ya hospitali aliwasimulia wateja wangu habari za goti lake, kwa Kiingereza, wakiwa wamekaa na dawa kichwani hawana pa kukimbilia. Mume wangu naye aliambiwa habari ya sharti hilo, mezani, mbele yangu. Akaitikia "mm" na kuendelea na simu yake.

Yeye anafanya kazi hotelini, mapokezi. Anavaa tai. Kiingereza chake ni kizuri kweli, siwezi kumnyima haki yake, ila ni Kiingereza cha kuwatuliza watu waliokosa maji ya moto. Ukigombana naye ghafla unaona ameweka mikono nyuma na kuinamisha kichwa kidogo, na unajua kwamba umeshakuwa mteja. Mimi hapo ndipo hasira hunipanda.

Ng'ambo ya uchochoro, mlango ukitazamana na wangu, kuna duka la Fundi Redio. Mkewe alifariki zamani, watoto wake wameoa na kuolewa na kuhama. Ni mtu wa maneno machache na mikono mitulivu. Macho yake yamechoka kwa kuunga nyaya ndogondogo. Redio huitengeneza akiwa ameisogeza hadi puani, na mkono mmoja wa miwani yake ni waya aliouokota humohumo dukani. Naye alijiunga na darasa lile, akisema anataka kusoma vitabu vya mitambo. Sawa, vitabu vya mitambo. Mtu ametengeneza redio maisha yake yote bila kufungua kitabu, uzeeni ndipo vitabu vimemshika.

Wakawa wanaongozana. Saa kumi ikikaribia, redio zinazimwa kule, mlango unarudishwa nusu, kisha kikohozi kinasikika uchochoroni. Kikohozi kile hakikuwa cha mafua. Mama anachukua mkoba wake, anatoka, na wanatembea huyu upande huu wa njia na yule upande ule, kama hawajuani, mpaka wapinde kona. Baada ya kona sijui. Mimi si mtu wa kufuatilia mambo ya watu, na pale nina wateja.

Kisha Mama akaniomba nimpake rangi nyeusi nywele zake.

"Mvi zinanizeesha, mwanangu," akasema.

"Zimeanza lini kukuzeesha, Mama?"

"Wewe paka. Maswali waachie polisi."

Nikapaka. Nikanyamaza pia, na mimi kunyamaza, mtaa wote unajua, ni kazi nzito kuliko kusuka nywele za mtoto anayelia. Mwenye macho haambiwi tazama. Nilikuwa nimeshaona, na nilikuwa nimefurahi, na nilikuwa nangoja tu aseme mwenyewe.

Ikaja wiki ya maneno ya kuamua. Mama aliyapenda kuliko yote waliyosoma. Alistaajabu kwamba Waingereza nao mioyo yao husita.

"Kumbe nao hufika njia panda," akaniambia, taulo mkononi. "Mimi nilidhani wao wakiamka tu wameshakata shauri."

Akanieleza kwamba kwao mtu asiyejua ashike lipi husema ana akili mbili. Nikamwambia mwanawe asubuhi hana hata moja. Akacheka mpaka taulo likaanguka. Akaniambia tena kwamba kwao mtu anayetaka muda wa kufikiri husema atalilalia lile jambo.

"Kama kuku," nikasema.

"Kama kuku. Mimi langu nimelilalia na bado halijaanguliwa."

Nikauchukua kama utani. Mikono yangu ilikuwa kichwani mwa mteja, na mteja alikuwa analalamika kwamba namvuta.

Alhamisi ya wiki hiyo mume wangu alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akalegeza tai, akakaa kwenye benchi la wateja na chai na mkate. Mimi nilikuwa penye beseni, namwosha mtu. Mama akatoka chumbani kwake na kikombe cha chai, amevaa kitenge kizuri. Hilo lilitosha kumwamsha mtu mwenye akili. Akaketi mbele ya mwanawe, akaweka kikombe chini na mikono mapajani.

"Mwanangu, nisikilize sentensi zangu."

"Lete, Mama."

Mama akanyoosha mgongo. "I have received an offer," akasema polepole. "I am considering it." Yaani kuna ombi limemfikia, naye analifikiria.

"Safi," mume wangu akasema, mkate mdomoni. "Matamshi safi."

"I am in two minds."

"Safi sana."

"Because of my son," Mama akasema, akimtazama machoni. Kwa sababu ya mwanangu.

"Hapo napo umepatia. Watu wengi wanalisahau lile 'of'."

Nakuapia, hivyo ndivyo alivyosema. Mama akauliza, bado kwa Kiingereza, sauti imeshuka: sasa nijibu nini?

Ah, hakuna kitu mume wangu anachokipenda kama kuulizwa swali la Kiingereza. Akaweka kikombe chini, akasogea mbele. Akasema kukubali ni rahisi, unasema ndiyo, umemaliza; kumkatalia mtu bila kumuudhi, hapo ndipo Kiingereza cha mtu kinapoonekana. Akamfundisha: "Thank you for your kind offer, but I have decided against it." Asante kwa ombi lako jema, lakini nimeamua kutolikubali. Akaisema mara ya pili, kwa sauti ile ya hotelini, laini kama sabuni.

Mama akairudia. Katikati sauti ikakwama, akaanza upya, akaimaliza.

"Hilo ndilo jibu bora?" akauliza, sasa kwa Kiswahili.

"Bora kabisa, Mama. Meneja wangu mwenyewe hawezi kulisema hivyo."

"Na wewe ungependa niseme hivyo?"

"Ningefurahi sana. Ningejivunia kabisa."

Mama akaitikia kwa kichwa. "Basi," akasema. "Nimekuelewa, mwanangu."

Akainuka, akachukua kikombe chake ambacho hakukigusa, akakipeleka jikoni. Mimi kuna kitu kilinigusa katika ule mwendo wake, nikageuka, lakini mteja wangu akapiga kelele kwamba povu limemwingia machoni, nikarudi kwa mteja.

Wiki iliyofuata Mama hakwenda darasani. Akasema goti. Goti lilelile lililopanda kilima cha shule muda wote huo, jua na mvua, leo haliwezi. Saa kumi ikafika, hakuna aliyekohoa uchochoroni. Na redio za Fundi zilinyamaza. Zamani alasiri alikuwa anazijaribu mlango ukiwa wazi, muziki wa taratibu, na Mama alikuwa anakunja taulo akifuata mdundo bila kujua. Sasa taulo zilikunjwa kimya, pembe kwa pembe, kama za hospitali. Jumapili wajukuu walipopiga simu, wakamuuliza habari zake kwa Kiingereza, akasema "fine" na kunipa mimi simu.

Rangi ikaanza kuisha kwenye mashina. Nikamkalisha kitini.

"Tupake tena, Mama?"

"Ziache tu," akasema. "Nani anazitazama."

Alilisema kama mtu anayemwaga maji ya kunawia. Nikamtazama kwenye kioo, akawa anatazama mikono yake. Huyu mwanamke alifua nguo za watu mpaka vidole vikapinda, akasomesha watoto wawili bila baba, na sijawahi kumsikia akisema neno kama lile. Nikasema moyoni, hapana, hili halilali hapa.

Kikaushia nywele changu kilikuwa kizima kabisa. Nikakichukua hivyohivyo, nikavuka uchochoro, nikamwambia Fundi kinatoa harufu. Akakisogeza puani, akakinusa huku na huku.

"Hakina harufu, binti."

"Kinayo, Fundi. Ila ni ya mbali."

Akaniwekea kiti. Akageuzageuza kile kikaushia, akafungua skrubu moja, akaifunga. "Bi mkubwa hajambo?" akauliza bila kuinua uso.

"Goti, anasema."

"Goti. Mpe pole."

"Fundi, mimi sijui kuzunguka mbuyu. Mlikosana nini na Mama?"

Akaweka kikaushia mezani, akasema, taratibu, kama anayefungua kitu asichotaka kukivunja: "Hatukukosana. Nilimwomba tufunge ndoa. Sina mzee wa kumtuma, binti, wangu wote wameshatangulia. Na mimi mwenyewe kwa Kiswahili nisingeweza, ningeona haya. Mwalimu akasema tutunge sentensi za kweli, basi nikatunga yangu njiani. Kwa Kiingereza maneno yanatoka kama si yangu."

"Naye?"

"Akasema nimpe muda, atamuuliza mwanawe. Ile Ijumaa akaniletea jibu." Akalikariri lote, bila kukosea hata neno: asante kwa ombi lako jema, lakini nimeamua kutolikubali. "Kiingereza kizuri sana kile. Nikajua kimetoka nyumbani. Basi na mimi nikamjibu lililokuwa kwenye somo, 'I respect your decision.' Nauheshimu uamuzi wako." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Tukarudi kila mtu na upande wake wa njia."

Sikumbuki nilivyokichukua kikaushia wala nilivyovuka uchochoro. Mume wangu alikuwa kwenye benchi, anakula mkate.

"Umekataa posa ya mama yako," nikamwambia.

"Posa gani?"

"Ile uliyomwambia ana matamshi safi."

Nikamweleza. Niliinua sauti, sikatai. Wateja wawili walikuwa nje mlangoni na walipata faida. Yeye akajitetea kwamba yale yalikuwa mazoezi. Nikamwambia ndiyo, mazoezi ya kweli, mwalimu wao hataki ya uongo, uliambiwa hapohapo mezani ukasema "mm". Mama yako amevaa kitenge cha sherehe, amekaa mbele yako, anakwambia roho yake imegawanyika kwa ajili yako, wewe unamsifia "of".

Mikono ikaanza kwenda nyuma. "Ukiinamisha kichwa," nikamwambia, "nakupiga na hiki kikaushia." Mikono ikarudi mbele.

"Kwa nini asiniambie tu?" akauliza.

"Akwambie kwa lugha gani? Aje akae hapo aseme, mwanangu, nataka kuolewa? Uso wake angeuweka wapi? Wako ungeuweka wapi? Kiingereza hakimjui marehemu baba yako. Hakijui kwamba yeye ni mama yako. Ndiyo maana alikuja nacho. Alikuwa anakuomba ruhusa, bwana wee, na wewe ukamfundisha kukataa."

Hapo akakaa. Mkate akauweka pembeni.

"Na Baba je?" akasema.

Nilikuwa na jibu tayari, kali, nimeshalitia makali. Lakini nikamtazama usoni nikakuta ni uso wa mtoto. Baba yake alifariki yeye akiwa shule ya msingi, na Mama aliwahi kunisimulia kwamba mwaka ule mtoto yule alihamishia godoro lake mlangoni pa chumba cha mama yake, na mlango wa nje ukigongwa yeye ndiye wa kwanza kuamka. Kumbe hajawahi kuliondoa lile godoro. Hasira zikaniisha, nikakaa karibu yake.

"Umemlinda vizuri," nikamwambia. "Sasa sogea pembeni apite."

"Nitamwambiaje?"

"Wewe una jibu la kila mteja."

"Mama si mteja."

"Hilo," nikasema, "ndilo neno la maana la kwanza nimelisikia kwako mwezi huu." Akacheka kidogo, macho yamejaa machozi, na mimi nikamshika mkono. Ni mtu mzuri. Mzito wa kuelewa, lakini akielewa ameelewa.

Kesho yake nilikuwa namsuka Mama. Upande mmoja nimemaliza, upande wa pili umesimama hewani. Mume wangu akaingia kutoka kazini, akasalimia, asikae. Akasimama nyuma ya kiti, wakawa wanatazamana kwenye kioo.

"Mama, lile somo hatukulimaliza."

"Lipi?"

"La kuamua. Nilikufundisha kukataa peke yake. Kuna maneno mengine."

"Shule nimeacha, mwanangu. Goti."

"Ni machache tu, Mama." Akakohoa, na mimi nikaona jasho kwenye ukosi wake. "I had second thoughts. Maana yake nilisema jambo kwa haraka, kisha nikalirudia moyoni nikaona silo."

Chanuo langu lilikuwa limesimama kichwani mwa Mama na sikuthubutu kulivuta.

"Jingine," mume wangu akasema. "It's up to you."

"Hilo hatukulifikia. Maana yake nini?"

Akafungua kinywa na Kiingereza kikamwishia. Miaka yote ile ya mapokezi, kikaisha pale. "Maana yake, Mama, maana yake mwenye kuamua ni wewe. Si mimi. Si mtaa. Si Baba, Mungu amrehemu. Mimi nilidhani unanisomea zoezi. Ningejua ni wewe unaniuliza, ningeweka mkate chini kwanza." Akajifuta uso kwa tai.

Mama akamtazama kwenye kioo. "Rudia," akasema.

"It's up to..."

"Aa. Kwa Kiswahili."

"Mwenye kuamua ni wewe, Mama. Na lolote utakaloamua, nitafurahi."

"Kama ulivyofurahi siku ile?"

"Siku ile nilikifurahia Kiingereza. Sasa nitakufurahia wewe."

Mama akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mwanawe akaushika. "Baba yako alikuwa mtu mwema sana," akasema.

"Najua, Mama."

"Na huyu naye ni mtu mwema. Haoni vizuri, lakini ni mtu mwema."

Akaondoa taulo mabegani, akasimama. Nikamwambia, Mama, nusu ya kichwa bado. Akaniambia kichwa hakiendi popote bila yeye. Akatoka hivyohivyo, upande mmoja umesukwa, upande mwingine umesimama, kibanio changu kikining'inia sikioni, akavuka uchochoro, na goti halikusemwa.

Sikumfuata. Nilichukua ufagio nikasafisha mlangoni pangu, na kama ufagio ulifika hadi katikati ya uchochoro, ni kwa sababu siku hiyo kulikuwa na nywele nyingi. Fundi alikuwa ameinamia redio, imemgusa pua. Mama akasimama kizingitini pake.

"I have changed my mind," akasema, wazi, kila neno mahali pake. Nimebadili uamuzi wangu.

Fundi akainua kichwa. Akakaza macho, akapapasa meza akitafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Nikaona midomo yake inatafuta kitu kwenye somo, na hakikuwepo. Alisahau Kiingereza chote alichosoma.

"Pita ndani," akasema. "Hapo pana jua."

Nikarudi na ufagio wangu. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo. Baada ya kitambo tukasikia redio ikiwashwa kule, muziki wa taratibu, kisha ikaongezwa sauti. Akainua macho akanitazama, nami nikajifanya natafuta chanuo, maana nilikuwa nalia na sikutaka anione.

Mama aliporudi, mwanawe akainuka haraka kumpisha.

"Amesema nini?" akamuuliza.

"Hayo yake na yangu, mwanangu," Mama akasema, akiketi. Kisha akamhurumia. "Utaambiwa siku ya kuvaa tai nzuri."

Nikamrudishia taulo mabegani, nikaushika ule upande uliobaki. Mashina yalikuwa meupe kidole kizima, na chini yake rangi imefifia. Nikamuuliza tena, safari hii nikijua jibu, au nikidhani najua.

"Tuzipake, Mama?"

"Ziache. Anasema tangu uliponipaka hiyo rangi alikuwa hanioni kutoka kule dukani kwake. Mvi ndizo zilikuwa zinamwonyesha kwamba ni mimi." Akacheka peke yake mpaka kiti kikatikisika. "Kumbe wiki zote zile alikuwa anamkoholea kila mwanamke anayepita."

Nikachukua mkasi, nikaanza kuipunguza ile nyeusi.